Programu imefungwa, barua imeingia: nani akuarifu, kompyuta au simu?

Ukibonyeza ile X ya pembeni kwenye programu ya barua pepe, mara nyingi umeizima kabisa. Haiko tena kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haiulizi chochote kwa seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza barua zako, na barua itakayoingia dakika tano baadaye itabaki huko huko kwenye seva mpaka utakapoifungua tena. Hakuna mpangilio ndani ya programu utakaoifanya ilie ikiwa imezimwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukagua sauti, akakagua ruhusa za arifa, akaizima kompyuta na kuiwasha upya, na bado asisikie kitu.

Kinachowezekana ni kuacha kitu kingine macho, na hapo ndipo pa kuchagua: programu ile ile ikiwa imefichwa, kijiprogramu kinachochungulia barua tu, kivinjari, au simu. Nimezitumia zote nne, nyingi kwa kuwawekea watu wengine hapa Dodoma, na msimamo wangu nautaja mapema ili usome huku ukibishana nami. Kwa mtu wa hapa, simu ndiyo ibebe arifa na kompyuta ibebe kazi. Ila simu ikiachwa kama ilivyotoka dukani, itakuangusha kuliko hata kompyuta.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1980, kwenye mfumo wa Unix uliotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kulikuwa na amri iliyoitwa biff. Kazi yake ilikuwa kumshtua mtumiaji barua mpya ikiingia, hata kama hajafungua programu ya kusomea. Jina walilitoa kwa mbwa aliyezoeleka pale idarani. Baadaye ikaenea hadithi kwamba mbwa huyo alikuwa akimbwekea mleta barua, na waliomfahamu wakaikana. Biff aliiweza kazi hiyo kwa urahisi kwa sababu barua zilikuwa zinafikia kwenye mashine ile ile aliyokaa mtumiaji. Zetu zinafikia kwenye seva ya mbali, na kati yake na wewe pana mtandao, bando, umeme na betri.

Kuuliza au kusubiri

Jambo moja la kiufundi kwanza, maana ndilo linaloamua bando na chaji. Programu huchukua barua kwenye seva kwa utaratibu mmojawapo kati ya miwili, POP3 au IMAP. Akaunti ikiwa ya POP3, seva haina njia ya kukuita. Lazima programu ipige hodi, iulize, iondoke, irudi tena. Ukiiambia iulize kila dakika 5, itapiga hodi mara 288 kwa siku, na kila mara inafungua mawasiliano upya na kutoa nenosiri upya, ili ijibiwe kwamba hakuna kitu.

Akaunti ya IMAP ina njia ya pili, inayoitwa IDLE, iliyochapishwa mwaka 1997. Hapa programu inapiga hodi mara moja, inakaribishwa barazani, inakaa kimya, na barua ikiingia seva yenyewe inasema. Kwa kuwa seva inaruhusiwa kumtoa mgeni aliyekaa kimya nusu saa, programu hujikumbusha kabla ya dakika 29 kwisha, yaani kama mara 50 kwa siku. Data inayotumika hapo ni ndogo mno. Mtu anayesema arifa za barua pepe zinamla bando, aangalie viambatisho. Programu ya barua ya Thunderbird, kwa mfano, isipobadilishwa hupakua nakala ya barua zote za IMAP na kuziweka kwenye kompyuta. Kuna kisanduku cha kuondoa tiki kwenye mipangilio ya akaunti, na kwa anayetumia bando la simu kama Wi-Fi ya mpakato hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Kwa hiyo kabla hujachagua chochote, jua akaunti yako ni ya aina gani. Ikiwa bado ni POP3 na seva inatoa IMAP, hamia IMAP.

| Njia | Lazima nini kibaki macho | Umeme ukikatika | Nani anashika nenosiri |
|---|---|---|---|
| Programu iliyofichwa | Kompyuta na programu nzima | Ya mezani imezimika. Mpakato inabaki bila mtandao kama ruta imelala | Programu yako |
| Kijiprogramu cha kuchungulia | Kompyuta, ila mzigo ni mdogo | Vilevile | Kijiprogramu nacho |
| Kivinjari | Kompyuta, kivinjari, na mara nyingi kichupo (tab) chenyewe | Vilevile | Hakuna mgeni mpya, isipokuwa kiendelezi (extension) |
| Simu | Simu na data | Inaendelea mpaka chaji iishe | Inategemea programu, na tofauti ni kubwa |

Kuificha badala ya kuifunga

Mama mmoja mwenye steshenari Area D aliniuliza, "Sasa mwanangu, wateja wananitumia kazi za kuprinti kwa imeili, nikae nimeifungua hiyo kitu siku nzima?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, ila tunaificha isikusumbue." Kompyuta yake inawaka kuanzia asubuhi mpaka anafunga duka, yeye yuko mbele yake, na mtandao upo. Mtu wa namna hiyo hahitaji ujanja mwingine.

Thunderbird kwenye Windows ina kisanduku, kwenye mipangilio yake ya jumla, cha kuihamishia kwenye kona ya saa pale unapoipunguza. Ukishakiwekea tiki, tumia alama ya kistari na uiache X. Mkono uliozoea X miaka yote unachukua muda kujifunza. Outlook ile ya zamani nayo, ukibofya kwa kitufe cha kulia aikoni yake iliyo karibu na saa, utapata amri ya kuificha inapopunguzwa. Halafu hakikisha programu inaanza yenyewe kompyuta inapowaka, maana umeme ukikatika mchana na kurudi, hakuna atakayekumbuka kuifungua.

Wenye Mac wana nafuu ambayo wengi hawaijui. Kitufe chekundu kinafunga dirisha tu. Programu ya Mail inaendelea nyuma na arifa zinakuja. Inazimika ukibonyeza Command na Q. Kwenye Linux, programu ya barua ya Evolution inawachanganya watu kwa namna nyingine: inakukumbusha miadi ya kalenda hata ikiwa imefungwa, kwa sababu kazi hiyo ina mchakato wake wa pembeni. Mtu akiona hivyo anaamini na barua zitatangazwa. Hazitangazwi mpaka Evolution yenyewe iwe wazi.

Lakini kinachowaangusha wengi kwenye njia hii ni folda. Chukua mhasibu wa ofisi ya Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, aliyeweka kanuni kwenye seva kwamba barua zote za mradi fulani ziende kwenye folda yake. Nadhifu kabisa. Kuanzia siku hiyo barua za mradi zinaingia kimyakimya, kwa sababu Thunderbird kwa kawaida inasikiliza Kikasha (Inbox) tu. Dawa ni kubofya folda ile kwa kitufe cha kulia, kuingia kwenye sifa zake, na kuweka tiki kwamba nayo ikaguliwe kila barua mpya zinapochukuliwa. Outlook ya zamani ina ugonjwa huo huo: arifa ya kwenye skrini inatoka kwa barua za Kikasha, na zile zilizohamishwa na kanuni zinahitaji kanuni yenyewe iongezewe kitendo cha kuonyesha arifa. Ukishajua hili, utaokoa muda ambao ungeupoteza kulaumu mtandao.

Muda nao una sheria yake. Thunderbird huuliza seva kila dakika 10 isipobadilishwa, lakini ikiwa seva inakubali IDLE na kisanduku chake kina tiki, arifa ya Kikasha inakuja papo hapo. Zile folda za pembeni ulizoziongeza ndizo zinazoweza kusubiri zamu ya dakika 10.

Udhaifu usiotibika ni usingizi. Ukifunga kifuniko cha mpakato, kompyuta inalala na kila kilichomo kinalala nayo. Mtu anayepanda daladala ya kwenda Mtumba na mpakato begini, programu ikiwa imefichwa vizuri kabisa, yuko sawa na aliyebonyeza X.

Kijiprogramu cha kuchungulia

Hizi ni programu ndogo zenye kazi moja: kuingia kwenye akaunti, kuona kama kuna jipya, kukuambia. Kwenye Windows ipo POP Peeper, ya miaka mingi, inayojua POP3 na IMAP. Kwenye Linux ipo Mailnag. Na zipo programu za barua zilizojengewa uwezo huo ndani. Geary ina mpangilio wa kuendelea kutazama barua mpya baada ya dirisha kufungwa. KMail ya KDE, mojawapo ya mazingira ya dawati ya Linux, inategemea Akonadi, huduma inayoendelea nyuma, yenye wakala wake wa kutangaza barua mpya. Ukitumia mojawapo ya hizi mbili, umekikaribia zaidi kile ulichokuwa unakitafuta tangu mwanzo: unafunga dirisha, kazi inaendelea.

Faida inaonekana kwenye kompyuta nyonge. Thunderbird au Outlook iliyofichwa bado inashika mamia ya MB za RAM, na kwenye mashine ya GB 4 iliyofungua kivinjari na jedwali la hesabu, mtumiaji atausikia uzito huo. Kijiprogramu hakimsumbui.

Ila kabla ya kupakua chochote kilichoandikwa "notifier", angalia kilisasishwa lini. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuzikubali, kwenye akaunti binafsi, programu zinazoingia kwa jina na nenosiri la kawaida tu. Microsoft ikafuata kwa akaunti binafsi za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Vijiprogramu vilivyotelekezwa kabla ya hapo vitakukatalia nenosiri hata ukiliandika sawasawa mara kumi. Kwa Gmail kuna njia ya kuvinusuru: washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu, lenye herufi 16, la kukipa kijiprogramu hicho peke yake. Siku ukikichoka unalifuta nenosiri hilo na akaunti yako haiguswi. Kwa Outlook.com tafuta kijiprogramu kinachokufungulia ukurasa wa Microsoft wenyewe ili uingie humo.

Kwa watumishi wa umma nitasema wazi. Akaunti yako ikiwa kwenye Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, ule wa GMS chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, usimpe nenosiri lake fundi wa mtaani wala kijiprogramu ulichokiokota. Wala usiweke kanuni ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye Gmail yako ili simu ilie. Najua wapo wanaofanya hivyo na inafanya kazi. Nenda kwa afisa TEHAMA wa taasisi, mwambie unachotaka, atakwambia njia inayoruhusiwa.

Kivinjari

Hapa sitakaa. Gmail kwenye kivinjari inakutangazia barua mpya ukiwa umeingia na kichupo chake kikiwa wazi, ukikifunga, kimya. Chrome ina mpangilio wa kuendelea na kazi za nyuma baada ya madirisha kufungwa, lakini vinavyosaidiwa nao ni viendelezi, kama Checker Plus for Gmail, na haukifufui kichupo ulichokifunga. Kwa mtu ambaye kivinjari chake hakifungwi kutwa nzima, kichupo kilichobandikwa kinatosha, na hana sababu ya kuweka programu nyingine. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi usiwashe arifa kabisa, maana jina la mtumaji na kichwa cha barua vitamtokea yeyote aliyekaa kwenye kiti.

Simu, na nani hasa aliye macho

Kwenye simu neno "kufunga" lina maana nyingine. Android haiachii kila programu ishike laini yake peke yake. Google ina huduma moja, Firebase Cloud Messaging, inayoweka laini moja kati ya simu na seva zake, na programu zinazoitumia hupitisha miito yao humo. Apple ilianza utaratibu wa namna hiyo kwenye iPhone mwaka 2009. Kwa hiyo programu uliyoifunga kwenye simu inaweza kulia kweli, kwa kuwa aliyebaki macho ni mfumo wa simu.

Sasa, nani anaiambia huduma hiyo kwamba kuna barua? Hapa programu za simu zinagawanyika makundi matatu, na ningekushauri ukae hapa muda mrefu kuliko kwenye rangi na mwonekano.

Kundi la kwanza: mwenye seva ya barua ndiye mwenye programu. Akaunti ya Gmail ndani ya programu ya Gmail. Barua inaingia kwa Google, Google inaita simu, hakuna nenosiri lililokwenda kwa mgeni. Hii ndiyo njia yenye kasi na isiyo na maneno. Lakini ukiongeza akaunti ya ofisi ya IMAP ndani ya programu hiyo hiyo ya Gmail, mambo yanabadilika bila kuambiwa: akaunti hiyo inaulizwa kwa vipindi, kama kila dakika 15. Mtu ana akaunti mbili ndani ya programu moja, moja inalia papo hapo, nyingine inachelewa, naye anaamini seva ya ofisi ni mbovu.

iPhone ina kichekesho chake cha namna hiyo. Akaunti ya Gmail ikiwekwa kwenye Mail ya Apple haipati mwito wa papo hapo. Simu inaenda kuchukua kwa vipindi, na kipindi kifupi kabisa unachoweza kuchagua ni dakika 15. Akaunti za iCloud na za Exchange (mfumo wa barua wa Microsoft) ndani ya Mail hiyo hiyo zinapata. Mwenye iPhone na Gmail aweke programu ya Gmail, yaishe.

Kundi la pili: kampuni nyingine inakesha kwa niaba yako. Outlook ya simu inafanya hivyo. Ukiiwekea akaunti ya IMAP ya kampuni yako, seva za Microsoft ndizo zinazoingia kwenye akaunti, zinaona barua, kisha zinaita simu. Outlook mpya ya Windows nayo husawazisha akaunti za watoa huduma wengine kupitia wingu la Microsoft. Inafanya kazi vizuri, betri haiumii, na mtu wa biashara ndogo pengine hana la kuogopa. Ila funguo za akaunti ziko kwa mtu wa tatu. Ofisi inayoshughulika na taarifa za wagonjwa, wakopaji au wanafunzi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya kuikumbuka kabla ya kuwaambia wafanyakazi wapakue tu.

Kundi la tatu: simu yenyewe inakesha. Thunderbird ya Android iko humo. Ni K-9 Mail ya tangu mwaka 2008, iliyojiunga na Thunderbird mwaka 2022 na kutoka kwa jina jipya Oktoba 2024. Inafungua IDLE moja kwa moja mpaka kwenye seva yako, hakuna mtu katikati. Gharama yake unaiona: ukiwasha mwito wa papo hapo, kunakuwa na arifa ya kudumu juu ya skrini inayosema programu inasubiri barua, na lazima uiruhusu isibanwe na uokoaji wa betri. Watu huiondoa ruhusa hiyo ya betri, kisha wanashangaa barua zinaingia asubuhi kwa mkupuo. Kwa akaunti ya taasisi yenye seva yake, mimi huichagua hii, na arifa ile ya kudumu naivumilia.

Yote hayo yanaweza kuharibiwa na betri. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu iliyotulia mezani bila chaji inaingia usingizi unaoitwa Doze na kuzibana programu zisitumie mtandao ovyo. Miito ya haraka ya Google inaruhusiwa kupenya. Doze peke yake si adui. Shida ni kwamba simu nyingi tunazonunua hapa zina wasafishaji wao wa ziada, wenye jina zuri na alama ya ngao au roketi, wanaoua programu yoyote usiyoigusa kwa muda. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya programu ya barua, ondoa vikwazo. Kama simu ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujianzisha, iingize humo. Na usiifunge kwa ile amri ya kuilazimisha isimame: programu iliyosimamishwa hivyo haipokei mwito wowote mpaka uifungue mwenyewe kwa mkono. Kuitelezesha tu kutoka kwenye orodha ya programu za karibuni, kwenye Android ya kawaida, hakuleti shida hiyo, ingawa baadhi ya watengenezaji wamefanya vitendo hivyo viwili kuwa kitu kimoja.

Bando nalo. Kiokoa data kikiwashwa, programu za nyuma zinanyimwa mtandao mpaka uziruhusu moja moja. Na ukinunua bando la mitandao ya kijamii peke yake, WhatsApp itajaa meseji huku barua pepe ikiwa imelala, kwa kuwa haimo kwenye bando. Mtu anaona mtandao upo, anatuma picha kwenye kundi la familia, na mwaliko wa usaili umekaa kwenye seva.

Programu ya Gmail kwenye Android ina mambo mawili ya kukagua hata kama kila kitu kingine ni salama. La kwanza, kikasha kikiwa kimegawanywa makundi, kwa kawaida arifa zinatoka kwa kundi kuu tu. Barua za mifumo, zile zinazotumwa na kompyuta, mara nyingi huangukia kundi la taarifa au la matangazo. Mzabuni anayesubiri ujumbe wa NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, ajue hilo. Ama azime makundi, ama awashe arifa za kundi husika kwenye mipangilio ya lebo. La pili, kuna kisanduku cha kuarifiwa kwa kila ujumbe, na kisipowekwa tiki, baada ya mlio wa kwanza zinazofuata zinaweza kuingia kimya mpaka ukafungue kikasha. Hili la pili limewaponyoka hata watu wanaojiita wataalamu.

Kuhusu kuletewa SMS kila barua ikiingia: inawezekana kwa kununua huduma ya kutuma SMS na kuiunganisha na seva, lakini kwa mtu mmoja ni gharama na usumbufu bila sababu. Kampuni yenye mfanyakazi wa zamu ya usiku ndiyo ifikirie.

Ningemwekea nani nini

Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anayesubiri majibu ya mafunzo kazini, simu tu, programu ya Gmail, makundi yazimwe, kazi imekwisha. Katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo, ambaye barua zake muhimu ni chache na mnunuzi akiandika anataka jibu siku hiyo hiyo, naye simu; kompyuta ya kikundi ikifunguliwa mara mbili kwa wiki inatosha kwa viambatisho. Mzabuni simu na kompyuta vyote viwili, maana akipata arifa akiwa barabarani hawezi kujibu chochote cha maana kwenye skrini ndogo, lakini atajua ageuze gari.

Mtumishi wa dawati anayeangalia skrini saa nane kwa siku, kompyuta ya ofisini iliyofungwa kwenye mtandao wa ofisi, programu ifichwe, folda zake ziongezwe, na simu aiache ipumzike jioni. Sioni sababu ya kila barua ya ofisi kumfuata mtu mezani kwa chakula cha usiku. Mwenye Linux na mashine ya zamani, Geary, au KMail kama tayari yuko kwenye KDE. Kijiprogramu cha kujitegemea namwekea yule tu ambaye programu yake ya barua haiwezi kufichwa wala kubadilishwa, na watu hao si wengi.

Ukishachagua, jijaribu kwa ukali. Funga programu ya barua. Tuma barua kutoka akaunti nyingine, ya kwanza mara moja, ya pili baada ya dakika chache bila kugusa kitu, uone kama zote mbili zimelia. Kisha iache simu mezani, skrini imezimwa, haiko kwenye chaji, kwa saa nzima, halafu mwambie mtu mwingine akutumie barua. Ikilia, umemaliza. Ikikaa kimya na arifa ikatokea sekunde ileile uliyowasha skrini, basi mtandao na akaunti ni vizima. Rudi kwenye mipangilio ya betri. Isipotokea hata baada ya skrini kuwaka, lakini barua ipo ukifungua programu, angalia ruhusa za arifa na makundi. Na kama hata kwenye programu haipo, fungua folda ya barua taka (spam) kabla hujampigia mtu wa TEHAMA.